Jina Kamili

Jumatatu, Oktoba 7, 1996

Kocha Tate kaingia darasani leo na filimbi yake shingoni na kengele mbili za mezani alizoazima kanisani, zile za kugongwa kwa kiganja. Hapa Tolliver, Mississippi, mwalimu wa historia ndiye huyo huyo kocha wa mpira, kwa hiyo hata vita vya wenyewe kwa wenyewe tulifundishwa kama mechi. Sasa tunarudia harakati za haki za watu weusi kabla ya mtihani wa Desemba, na Kocha amesema hataki usingizi, anataka mashindano. Swali likisomwa, wa kwanza kugonga kengele ndiye anayejibu. Timu itakayoshinda haifanyi mtihani, na juu yake italishwa mbavu za kuchoma nyumbani kwake.

"Kaeni mnapotaka," akasema.

Tukakaa. Weusi tukajikuta dirishani, wazungu ukutani. Kocha akatutazama, akacheka cheko lisilo na furaha.

"Nimewaambia mkae mnapotaka, nyie mmekaa walipokaa babu zenu. Haya basi. Timu Dirishani, Timu Ukutani."

Pacha wangu Lamar ndiye mlinzi wa kengele yetu, kwa sababu ana mikono mirefu. Ya ukutani imeshikwa na Dewey Hatcher, mjukuu wa mzee Royce Hatcher mwenye duka la vifaa na bunduki. Dewey si mwerevu sana, ila mkono wake mwepesi, na hakubali kushindwa.

Joto kali. Mvua hatujaiona tangu Agosti. Pamba iliyodondoka kwenye malori imetanda kando ya barabara yote mpaka kwetu.

Oktoba 8

Ukutani wanaongoza. Lamar analala macho wazi.

Alhamisi, Oktoba 10

Kocha kaleta kanuni mpya. Aliuliza nani alikataa kumpisha mzungu kiti cha basi kule Montgomery. Dewey akagonga.

"Rosa!"

"Rosa nani? Mlicheza naye rede?"

"Rosa Parks."

"Sifuri. Jina kamili."

"Kocha, si ndilo hilo jina kamili!"

"Bi. Rosa Parks." Halafu akatusimulia kuhusu msichana mmoja wa harakati kule Alabama aliyesimamishwa kizimbani, wakili wa serikali akawa anamwita kwa jina lake la kwanza kama anayemwita paka. Msichana akagoma kujibu mpaka aitwe Bi, kama wanavyoitwa wazungu. Jaji akamtupa jela. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi, na msichana akashinda. "Kwa hiyo kuanzia leo," Kocha akasema, "jina lisilo na Bi wala Bwana halina pointi. Hata kama ni la mbwa wako."

Lamar akazinduka. "Bwana Biskuti?" Ndilo jina la mbwa wetu. Darasa zima likacheka, hata ukutani.

Mimi sikucheka sana, nilikuwa namfikiria Bibi. Wazungu wazee wa hapa hawajawahi kumwita mtu mweusi Bi wala Bwana. Ukiota mvi wanakupandisha cheo, unakuwa "shangazi" au "mjomba" wa watu ambao hawajawahi kukukaribisha mezani. Kwetu shangazi ni neno tamu likitoka kwa mtoto wa ndugu yako. Likitoka kwa Royce Hatcher ni kofi.

Jumamosi, Oktoba 12

Bibi alitupeleka dukani kwa Hatcher kununua misumari ya paa. Mzee Royce alikuwa nyuma ya kaunta, mwekundu kama nyama mbichi, na nyuma yake ukuta mzima wa bunduki za kuwindia.

"Shangazi Ozella! Nikupe nini leo?"

"Misumari ya paa, Bwana Royce."

Sijui nini kilinipanda. Nikasema, "Anaitwa Bi. Mabry."

Akanitazama kana kwamba kiti kimeongea. "Huyu mtoto wenu kala nini?"

"Kala historia," Lamar akajibu.

Mzee akachukua nyundo mpya iliyokuwa kwenye kaunta, akamgonga nayo Lamar kifuani, polepole, kama anayepima ubao. "Babu yako naye alikuwa na kidomo," akasema. Mfuko wa misumari aliokuwa ameshapewa ukamponyoka Bibi. Hakuiokota. Alitushika mikono akatutoa nje, na tulipoingia garini akanizaba kibao. Bibi hajawahi kunipiga maisha yangu yote.

"Unajua unamjibu nani wewe?"

"Mwenye duka."

Akawasha gari. Shavu langu bado linawaka, na nimemkasirikia.

Oktoba 14

Dewey na binamu zake wawili walimvizia Lamar nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo. Walimchapa kwa mkanda wenye bizimu la chuma, wakisema, "Mwite babu yetu Bwana, kidomo wewe." Lamar alimpasua binamu mmoja nyusi kwa kofia yake ngumu ya kuchezea mpira wa Kimarekani. Kocha aliwatenganisha, akawakimbiza wote wanne uwanjani mpaka wakatapika. Jino la mbele la Lamar halipo.

Oktoba 15

Bibi kamsugua Lamar mgongo kwa mafuta ya taa na chumvi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Oktoba 18

Tumewapita Ukutani. Nimejibu maswali matano, yote na Bi na Bwana zake.

Jumanne, Oktoba 22

Lazima niandike yote.

Kocha alifungua kundi jipya la maswali, akaliita "Hapa Kwetu." Akasoma kadi ya kwanza: "Mwaka 1964 mtu aliuawa ndani ya kiwanda cha kuchambua pamba cha wilaya hii, kwa kosa la kuwapeleka watu kujiandikisha kupiga kura. Ni nani?"

Ni babu yetu. Mimi najua, Lamar anajua, na darasa zima linajua, ila jina lake halijawahi kutajwa ndani ya shule hii. Mkono wa Lamar ulikuwa juu ya kengele lakini haukushuka. Dewey akagonga.

"Isom!"

"Jina kamili."

"Mjomba Isom!"

Dirishani tukanguruma. Kocha akainua kiganja. "Jina kamili, Hatcher. Kanuni unaijua."

Dewey alitaka pointi. Hakutaka kingine chochote, naapa, nilimwona usoni. Alikuwa anapekua kichwa kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Kocha, sina lingine, babu humwita hivyo tu. Mjomba Isom aliyekataa kusema Bwana. Walimwambia, sema tu, 'Bwana Royce, naomba niende nyumbani,' uende zako. Akakataa! Wakamwingiza mkono kwenye misumeno ya mashine, bado anasema Royce, Royce, bila Bwana. Babu hutusimulia kambini kila msimu wa kulungu, watu wanacheka mpaka..."

Nadhani ndipo alipojisikia mwenyewe.

Tangu 1964 kesi ya babu imefungwa kwa maneno mawili: watu wasiojulikana. Na huyu hapa kijana anayetaka mbavu za kuchoma kamtaja mmoja wao mchana kweupe.

Lamar aliinuka taratibu, akabeba kengele yetu, akavuka darasa na kumpiga nayo Dewey shavuni. Nilisikia ikilia wakati inampiga. Damu ilirukia ramani. Akampiga tena, na Kocha akamkumbatia kwa nyuma na kumnyanyua kama mtoto. Dewey hakuinua hata mkono wa kujikinga. Alikuwa anasema, "Mimi sikuwepo, mimi sikuwa nimezaliwa."

Lamar kasimamishwa shule wiki nzima. Kengele yetu imebonyea upande.

Oktoba 23

Tulimweleza Bibi wakati anamenya viazi vitamu. Hakuacha kumenya.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua!" Lamar akapiga meza. "Ulijua na bado unanunua misumari kwake?"

"Mwili niliuosha mimi, mwanangu. Mkono haukuwepo. Unadhani sikuuliza nani alikuwa na ufunguo wa kiwanda? Nilikuwa na watoto wanne wadogo, baba yenu mmoja wao, na naibu sherifu wa siku hizo alikuwa Royce huyo huyo. Ningemshtaki kwa nani? Nimekwenda dukani kwake miaka yote nikamwone anavyozeeka. Nijue siku atakayokufa kabla mkewe hajajua." Akaweka kisu chini. "Mwenye kovu usidhani kapoa."

Lamar akasema, "Nitamwua, Bibi."

"Halafu? Wakuue kwa sheria yao, mimi nije kukuosha na wewe? Nimeshazika mmoja kwa ajili ya Royce Hatcher. Wa pili siziki. Umenisikia, kichwa cha mbuzi? Siziki."

Wazazi wetu wako Chicago kazini. Humu ndani Bibi ndiye kila kitu, na nimeona leo kwamba anaogopa. Namwogopea Lamar kuliko ninavyomchukia mzee yule.

Jumapili, Oktoba 27

Kocha aliwapigia wapelelezi wa jimbo. Wamesema watakuja baada ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Leo, tukiwa kanisani, mchungaji katikati ya sala, gari la Kocha lilichomwa moto pale pale uani. Tulitoka tukakuta matairi yanalipuka moja moja. Kocha akasimama na kofia mkononi, akasema, "Na filimbi yangu ilikuwa mle ndani."

Novemba 1

Mvua imefika hatimaye, ya baridi. Tulikuwa tunakula mbaazi na mkate wa mahindi wakati risasi zilipoanza kuingia. Bibi alitusukuma sote chini ya meza. Kioo cha kabati, saa ya ukutani, sufuria, vyote vikaenda. Lori likaondoka bila haraka hata kidogo. Biskuti tulimkuta kwenye ngazi, tumbo wazi, bado anatingisha mkia.

Lamar alimzika. Akaandika kwa mkaa juu ya ubao: Bwana Biskuti Mabry.

Novemba 2

Naibu sherifu alikuja, akachungulia mashimo, akasema labda ni wawindaji. Sebuleni?

Jumanne, Novemba 5

Siku ya kupiga kura. Bibi kavaa kofia yake ya Pasaka na glavu nyeupe, akatembea katikati ya barabara, kwenye mvua. Hakusema kampigia nani. Hajawahi kusema.

Novemba 8

Ukutani wametufikia. Darasa halichezi tena, linapigana kwa maswali. Dewey hajibu, kengele kamwachia mwingine.

Jumanne, Novemba 12

Dewey karudi leo, taya limevunjika, meno ya juu na ya chini yamefungwa pamoja kwa waya. Anakunywa supu kwa mrija. Kasema kwa kunong'ona kupitia waya kwamba alianguka kutoka kwenye jukwaa la kuwindia kulungu, juu mtini.

Msimu wenyewe haujafunguliwa.

Mdomo huponza kichwa, lakini kitako cha bunduki ya babu yako ni kitu kingine. Mchana nilimwona anajaribu kumeza mate. Nilitaka kufurahi. Sikuweza, na hilo limeniudhi.

Novemba 18

Lamar hatoki nje. Anashinda akisafisha bunduki ya babu yetu, bomba, kitako, bomba tena. Jumamosi msimu unafunguliwa, na siku hiyo kila mtu hapa hutembea na bunduki bila kuulizwa aendako. Nimechukua risasi zote nikazifukia kwenye jokofu chini ya mbaazi za mwaka jana.

Novemba 21

Barafu nyembamba kwenye madimbwi. Bibi anaimba jikoni, wimbo ule ule mmoja.

Jumapili, Novemba 24

Jana.

Asubuhi yote kulikuwa na milio ya bunduki msituni, mmoja ukiitika mwingine. Lamar alipekua nyumba nzima kutafuta risasi. Kisha akasimama mlangoni akaniambia, "Basi nitatumia mikono," akaondoka kwa miguu. Nikamwita Bibi. Gari lake likakataa kuwaka, likakataa, likawaka.

Duka lilikuwa tupu, wanaume wote walikuwa msituni. Dewey alikuwa kwenye rafu za rangi, mgongo umebanwa ukutani. Lamar alikuwa amemlaza mzee Royce juu ya kaunta, mikono yote miwili shingoni mwake. Masanduku ya risasi yalikuwa yamepasuka, na viatu vyetu vikawa vinateleza juu yake.

"Sema Bwana Isom Mabry," Lamar alikuwa anasema. Hakuwa anapiga kelele. "Sema, nikuachie. Sema tu."

Uso wa mzee ulikuwa wa zambarau. Lamar akalegeza kidogo apate pumzi ya kusema. Mzee akavuta hewa, akasema, "Isom."

Lamar akakaza. Miguu ya mzee ikapiga kaunta, kiatu kimoja kikatoka. Lamar akalegeza.

"Jina kamili."

"Isom," akasema mzee, na mate ya damu yakamtoka. Alikuwa anakufa, na hakutaka kulisema.

Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nasema moyoni, kaza. Kaza, Lamar.

Bibi alitembea juu ya risasi zile polepole kama anayeenda kupokea meza ya Bwana. Akaweka mkono wenye glavu juu ya mikono ya Lamar.

"Mwachie."

"Hataki kulisema, Bibi."

"Nimesikia. Babu yako alikufa kwa neno alilokataa kulisema. Ukimwua huyu kwa neno analokataa yeye, umemfanya sawa na Isom. Unataka wawe sawa? Unataka watu waje wasimulie kwamba Royce Hatcher naye alikufa mwanamume, hakusalimu amri? Mwachie afe kwa uzee kama kuku. Lamar. Mtoto wa mtoto wangu. Mwachie."

Mikono ya Lamar ilitoka kidole kwa kidole. Akaiangalia kama si yake. Bibi akaishika yote miwili, akaanza kumrudisha nyuma kuelekea mlangoni, akimwambia ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo, na Lamar analia, kichwa kiko begani kwake, jitu zima lile. Walikuwa wamefika kwenye mapipa ya misumari. Nilikuwa nimeshika mlango.

Mzee Royce alijiinua huku anakohoa. Mkono wake ukaingia chini ya kaunta, ukatoka na bastola. Dewey alipiga ukelele kupitia waya, sauti isiyo na maneno. Bibi akageuka kuangalia nani analia vile.

Risasi ilikuwa imemlenga Lamar. Ilimwingia Bibi chini ya shingo. Alikaa chini kwanza, kwa adabu, kama anayekaa kanisani, na kofia yake ikaanguka. Damu ilitoka mdomoni, ikawa inatoka na pumzi. Nilizibandika glavu zake kwenye tundu nikasukuma, nikasukuma. Akanitazama. Alisema, "Siziki." Au labda ilikuwa pumzi tu.

Manaibu sherifu walipofika walimkuta Lamar amempakata Bibi. Walimpiga kwa rungu mgongoni ili amwachie, wakamlaza kifudifudi juu ya damu ya Bibi, goti shingoni. Mzee Royce wakamletea maji.

Mmoja akafungua kijitabu. "Marehemu nani? Shangazi Ozella, si ndiyo?"

Nilimrukia. Ndiyo maana jicho langu la kushoto halifunguki leo.

Novemba 26

Baba na Mama wamefika. Mama kafua pazia zote, hata zile safi.

Novemba 28

Sikukuu ya Shukrani. Majirani wameleta bata mzinga saba. Hakuna anayekula.

Novemba 30

Tumemzika. Gazeti la mji limeandika "Ozella, mzee wa miaka 64." Mchungaji akalisoma jina lake kamili mara tatu, na kila mara kanisa likajibu. Lamar hakuruhusiwa kuja.

Desemba 6

Wakili wa Lamar, Bi. Pettway, ametueleza hali ilivyo, na nimemwomba asitie sukari. Mzee Royce kasema alifyatua wakati Lamar bado anamnyonga, ili kujiokoa, kwa hiyo kifo cha Bibi ni juu ya Lamar. Mwendesha mashtaka amekubali. Mzee yuko nyumbani kwake. Lamar yuko jela ya wilaya, na akitiwa hatiani atazeekea ndani. Wapelelezi wa jimbo walikuja kuuliza habari za 1964, mzee akawatazama akasema hana la kusema.

"Lakini mimi nilikuwepo," nikasema. "Lamar alikuwa ameshamwachia! Alikuwa mlangoni!"

"Wewe ni pacha wake, binti yangu. Watasema hata tumboni mlikuwa mnasaidiana." Akavua miwani. "Kuna yule kijana."

Dewey ana cheti cha daktari. Hawezi kusema.

Desemba 9

Ninaenda shule kwa sababu nyumbani kuna dirisha lile lenye mashimo. Dewey anakaa ukutani, ananyonya supu. Anahamia kwa shangazi wa mama yake, nimesikia, nyumbani kwa babu yake halali tena. Leo macho yetu yalikutana. Mimi ndiye niliyeyaondoa kwanza, na nimejichukia kutwa nzima.

Desemba 12

Mvua. Lamar kapiga simu. Meno mawili zaidi hayapo. Kauliza tunaongoza?

Tunaongoza kwa swali moja.

Jumatatu, Desemba 16

Kesho ndiyo duru ya mwisho. Kila mtu aandike swali moja. Swali la Dirishani hujibiwa na Ukutani, na la Ukutani hujibiwa na Dirishani, pointi mbili. Likikosa wa kulijibu, pointi zinarudi kwa walioliandika. Kocha alisema swali liwe la kweli na jibu lake liwe na mtu anayelijua.

Langu nimeliandika jioni hii jikoni, pale Bibi alipokuwa anamenyea viazi. Nimelichana mara nyingi. Mama kasoma, akaniuliza kama nina uhakika. Sina.

Jumanne, Desemba 17

Kadi yangu ilitoka ya mwisho kabisa. Si bahati, Kocha alikuwa ameshaiona. Tulikuwa bado mbele kwa swali moja. Kocha alisimama, akavua kofia.

"Swali kutoka Dirishani," akasoma. "Bi. Ozella Mabry alipopigwa risasi, mikono ya Lamar ilikuwa wapi?"

Mtu mmoja ukutani akasema, "Kocha, hili si swali la haki," Kocha akamwambia anyamaze. Akageuza saa ya mchanga. Nilikuwa naangalia mchanga. Ukiisha tunashinda, hakuna mtihani, tunakula mbavu. Nilikuwa naomba tushindwe, naomba nimeuma meno, na niliona hakuna atakayegonga, kwa sababu nani atagonga? Ndivyo tulivyo hapa, hata kengele inaogopa.

Mchanga ulikuwa umebaki kidogo tu wakati Dewey alipomsukuma aliyekuwa kwenye kengele. Hakugonga kwa wepesi kama zamani. Aliweka kiganja juu yake, akakilaza pale, halafu akasukuma.

"Hatcher," Kocha akasema.

Ilibidi tuiname ili tumsikie, waya ulikuwa unamkata maneno. "Mikononi mwa bibi yake. Alikuwa amemshika yote miwili. Walikuwa kwenye mapipa ya misumari, wamempa babu mgongo. Alikuwa ameshamwachia kitambo. Babu alikuwa... Babu alipata muda wa kuvaa kiatu."

Kiatu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekisahau.

"Mikono ya nani, Hatcher?" Kocha hakuwa anamtania. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Jina kamili."

"Ya Bwana Lamar Mabry. Alikuwa ameshikwa na Bi. Ozella Mabry." Akafuta mate ya damu kwa mkono wa shati. "Aliyefyatua ni Bwana Royce Hatcher. Na hili," akagusa taya, "ni yeye pia."

"Utalirudia mbele ya jaji?"

Dewey akanyoosha mkono. Akagonga kengele mara ya pili.

Kocha akaenda ubaoni, akaandika pointi mbili upande wa Ukutani. Kanuni ni kanuni. Hakuna aliyeshangilia. Dewey alikuwa amekaa peke yake, maana waliokuwa karibu naye walikuwa wamesogeza viti. Sikumwendea. Sikumshukuru, na sijui kama nitaweza siku yoyote, nikikumbuka kambi ile na kicheko kile. Lakini nilipopita nilimwachia mezani mrija mpya, wake ulikuwa umepasuka.

Saa nane Kocha alimpeleka ofisini kwa Bi. Pettway kwa gari la kuazima. Mimi nikasubiri simu ya jela.

"Vipi mechi?" Lamar akauliza. Ndilo jambo la kwanza alilouliza.

"Tumeshindwa."

"Acha! Tulikuwa tunaongoza!" Akasonya. "Nani kakosa?"

Nilihamishia simu sikio la pili, akawa anaita jina langu, Jerusha, Jerusha, upo?

"Nipo," nikamwambia. "Hakuna aliyekosa."